Mlio Asiousikia Bibi Redio

Jina la Bibi Redio alipewa na wapangaji wenzake, na hakuna aliyekumbuka nani alianza kumwita hivyo. Redio yake ilikaa juu ya kabati la vyombo, na tangu asubuhi hadi jioni ilinguruma kiasi kwamba mtu aliyepanda ngazi kutoka chini alifika ghorofa ya pili akiwa amekwisha kusikia habari za dunia nzima. Watu walimtania kuwa jengo zima linasikiliza kwa gharama yake. Yeye alicheka, akasema habari njema haifichwi, akaendelea kukanyaga cherehani.

Alikuwa mjane, mwanamke mwembamba mwenye miwani iliyofungwa uzi mweusi shingoni. Tangu usichana wake alifanya kazi katika kiwanda cha nguo, kwenye ukumbi wa mashine za kufuma, hadi kiwanda kilipofungwa. Ndani ya ukumbi ule mashine ziligonga zote kwa pamoja mchana kutwa, sakafu ikitetemeka, na hata mtu akikupigia ukelele sikioni ulikuwa humsikii. Wanawake wakajizoesha kusemezana kwa midomo tu, bila sauti. Mmoja akiwa mwanzo wa safu na mwenzake mwisho wa safu, waliulizana habari za watoto, walipeana umbea, na walimsengenya msimamizi mbele ya macho yake huku akiwatazama na asiambulie kitu. Kiwanda kilipofungwa alinunua cherehani, akaanza kushona nguo nyumbani.

Cherehani hiyo aliiweka sebuleni, ikitazama mlango wa kuingilia, jiko likiwa nyuma yake. Mke wa mwanawe alimshauri aisogeze dirishani apate mwanga. Alikataa katakata.

"Nataka nimwone mteja anapoingia," alisema.

Mke wa mwanawe alikuwa msusi, na hapo jengoni walimwita hivyo hivyo, Msusi. Alikuwa na vidole vyepesi na sauti ndogo, mtu wa kuongea polepole kama anayeogopa kuamsha mtoto. Saluni alikofanya kazi haikuwa mbali. Mumewe, mtoto pekee wa Bibi Redio, alikuwa dereva wa lori la masafa marefu. Aliondoka kwa wiki kadhaa, akarudi kwa siku chache, akaondoka tena. Kwa hiyo nyumba ile, yenye vyumba viwili vya kulala, sebule, jiko na korido fupi, mara nyingi ilikuwa ya wanawake wawili.

Safari moja Dereva alirudi na boksi chini ya kiti cha lori. Ndani mlikuwa na ving'ora vya moshi vitatu, vyeupe, vya duara, kila kimoja ukubwa wa kisahani cha chai. Dereva mwenzake alikuwa ameunguliwa na nyumba. Simu iliachwa ikichaji juu ya godoro, godoro likashika moto taratibu, na moshi ukawakuta usingizini. Walitoka wote, lakini walitoka peku, na mtoto mmoja alilazwa hospitali kwa sababu ya moshi.

"Aliniambia moto haukuwaamsha," Dereva aliwasimulia mama yake na mkewe. "Kilichowaamsha ni jirani kuvunja mlango. Anasema moshi unakulaza zaidi, haukuamshi."

Alisimama juu ya meza, akatoboa dari kwa drili, vumbi la saruji likamwagikia kichwani mpaka akaonekana mzee. Kimoja alikifunga kwenye korido, karibu na milango ya vyumba vya kulala. Kingine sebuleni, katikati ya dari, mbali na pembe za ukuta na mbali na feni. Cha tatu akakifunga jikoni, akashuka, akajipangusa, akajisifu.

Majisifu yake hayakufika jioni. Msusi alipotia vitunguu kwenye mafuta, kile cha jikoni kilipiga yowe. Msusi akaangusha mwiko. Dereva akaruka kitini, akaingia jikoni na taulo, akawa anakipepea kama anafukuza nyuki. Ndipo alipokumbuka kusoma karatasi iliyokuja ndani ya boksi.

"Wameandika kisifungwe jikoni," alisema kwa sauti ya mtu aliyenyeshewa.

"Ungesoma kwanza, halafu ukapanda meza," mkewe alimwambia.

Akakihamishia chumbani kwa mama yake, juu ya kitanda. Kisha akawaita wote wawili waje kuona namna ya kukijaribu. Alibonyeza kitufe cha katikati kwa ncha ya fimbo ya ufagio. Kikapiga ukelele mwembamba, mkali, wa kuchoma. Msusi akaziba masikio. Bibi Redio, aliyekuwa anamtazama mkwewe, naye akaziba yake.

"Lo! Kitatupasua vichwa," alisema.

Dereva akaridhika. Akawaeleza kwamba kila mwanzo wa mwezi wabonyeze kitufe, na kwamba manyoya ya vitambaa vya kushonea yataingia ndani ya vile vitobo, kwa hiyo wavipanguse kwa brashi laini. "Na mkisikia kimetoa mlio mmoja mfupi, twii, kikanyamaza, halafu twii tena, jueni betri inakufa. Msiing'oe mkaitia kwenye rimoti. Nunueni nyingine."

Keshokutwa yake akaondoka na lori.

Sasa, Msusi na mama mkwe wake hawakuwa maadui. Wakikaa mezani wakitazamana walielewana vizuri, tena walichekeshana. Lakini kulikuwa na jambo lililomkaa Msusi kooni tangu alipoolewa. Mara nyingi alizungumza na Bibi Redio asijibiwe. Angesema kitu akiwa jikoni, au akiwa anafagia nyuma ya kiti cha mama mkwe, na mama yule angeendelea kushona kana kwamba aliyeongea ni paka. Msusi alikuwa na mazoea ya kazi yake: mchana kutwa alisimama nyuma ya watu, mikono kwenye nywele zao, akaongea na visogo, na visogo vikamjibu. Cha mama mkwe wake tu ndicho kilichomnyamazia. Mwanzoni alidhani ni uchovu. Baadaye akaanza kuona ni dharau. Alipomwambia mumewe, mumewe alisema, "Mama akishona huwa yuko dunia nyingine. Ongeza sauti." Na Msusi alikuwa hajui kuongeza sauti.

Siku moja alirudi kutoka saluni ana homa. Aliingia kwa mlango wa nyuma unaotokea jikoni, akaegemea ukuta.

"Mama," aliita. "Naomba unichemshie maji. Sijisikii vizuri."

Redio ilikuwa inanguruma. Cherehani ilikuwa inakwenda. Bibi Redio hakugeuka.

"Mama, naumwa."

Msusi akaenda mpaka nyuma ya kiti, akasema kwa sauti inayotetemeka, "Mama, mimi nimekukosea nini?"

Bibi Redio alinyoosha kitambaa, akakata uzi kwa meno.

Msusi aliingia chumbani kwake, akatia nguo kwenye mkoba, akatoka. Ili kufika mlangoni ilimlazimu apite mbele ya cherehani. Bibi Redio akainua uso, akatabasamu.

"Naenda kwa dada," Msusi alisema.

"Haya, mwanangu. Nisalimie sana," akajibu Bibi Redio, akarudia kushona.

Ile salamu ndiyo iliyomuuma kuliko yote. Alishuka ngazi akilia.

Kwa dada yake alilala siku mbili akipata nafuu, kisha akaendelea kukaa. Bibi Redio alimpigia simu, au tuseme simu yake iliita, lakini Msusi hakupokea. Dereva alikuwa barabarani, mbali, sehemu ambazo mtandao ulipatikana kwa bahati. Naye Bibi Redio aliwaambia wateja kwamba mkwewe amekwenda kumsaidia dada yake, maana kweli hakujua kwamba kuna ugomvi.

Aliyeuleta ukweli mwangani ni mpangaji wa ghorofa ya juu, mwalimu wa sekondari aliyestaafu, mtu wa kulala mapema na kukasirika taratibu. Alianza kusikia mlio. Twii. Baada ya muda, twii. Alidhani ni simu yake. Akatafuta chini ya mito. Akadhani ni ndege ameingia darini. Akafungua madirisha amtoe. Mlio ukaendelea asubuhi, mchana na jioni, mpaka alipoweka sikio sakafuni akagundua unatoka chumba cha chini yake, kwenye kile king'ora alichomsikia Dereva akikifunga kwa drili. Akashuka, akagonga mlango wa Bibi Redio. Mlango haukufunguliwa. Akausukuma, ukafunguka, na yule mama akamwona.

"Karibu, Mwalimu!"

"Bibi, samahani," alisema Mwalimu, mwenye masharubu mazito yaliyofunika nusu ya mdomo wake. "Badilisheni betri."

Bibi Redio alimtazama kwa mshangao. Akaangalia kidole chake, akakifunika kwa mkono wa pili.

"Pete hii?" aliuliza. "Pete hii nilivishwa na marehemu. Niibadilishe kwa sababu gani?"

Mwalimu hakujua aombe radhi kwa kosa gani. Akaaga, akapanda kwake, akampigia simu Msusi.

"Binti, mama yenu ana nini?" aliuliza. "King'ora chenu kinalia wiki nzima juu ya kitanda chake, nami namwambia habari ya betri, ananijibu habari ya ndoa."

"Kinalia wiki nzima?"

"Mimi sijalala, binti."

Msusi alikwenda siku ileile. Alijiambia anakwenda kumnusuru Mwalimu na kuchukua sketi zake zilizobaki. Alifungua kwa ufunguo wake mlango wa nyuma, akasimama jikoni. Redio ilikuwa imezimika, kwa kuwa umeme ulikatika. Katika ule utulivu alisikia wazi kabisa. Twii. Mlango wa chumba cha Bibi Redio ulikuwa wazi, na mlio ulikata nyumba nzima kama sindano. Mama yule alikuwa amekaa penye cherehani, miguu juu ya pedali, anapindua pindo la gauni jekundu. Twii. Hakuinua kichwa. Hakukunja hata uso, kama watu wanavyofanya wakisikia kitu cha kuudhi. Uso wake ulikuwa umetulia kama wa mtu aliye peke yake shambani.

Msusi aliweka mkoba chini. Akasogea mpaka nyuma ya kiti.

"Mama," alisema kwa sauti yake ya kila siku.

Sindano iliendelea.

"Mama, nyumba inaungua."

Sindano iliendelea kupanda na kushuka, na mkono wa Bibi Redio ukageuza kitambaa taratibu, kwa uangalifu.

Miaka yote ya ndoa yake ilimpitia Msusi kichwani hapo alipokuwa amesimama. Aliyaona yale maombi yote aliyoyasema akiwa jikoni, zile salamu za asubuhi alizozitoa akiwa mgongoni, na lile swali la mwisho. Akazunguka kiti, akasimama mbele.

Bibi Redio aliruka kidogo, halafu uso ukamchanua. "Wewe! Umeingia saa ngapi? Dada yako hajambo? Mbona hukupokea simu?"

"Mama, husikii huo mlio?"

"Mlio gani?" Kisha haraka haraka, akiona uso wa mkwewe, "Aa, huo! Nausikia. Nilikuwa nimezama kwenye kazi."

Msusi alichukua kipande cha kitambaa mezani, akakiinua mbele ya mdomo wake, akasema nyuma ya kitambaa, "Mama, gauni hili la nani?"

Bibi Redio alimtazama. Alitazama kitambaa. Alingoja kishuke. Hakikushuka. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena, na mikono yake ikakosa pa kukaa.

"Usinifanyie hivyo, mwanangu," alisema mwishoni.

Msusi akashusha kitambaa, akapiga magoti pale pale ili nyuso zao zilingane. "Tangu lini, Mama?"

"Sijui. Haikuja siku moja. Tulitoka kiwandani tukiwa na vishindo masikioni, tukasema vitaisha. Vikaisha, vikaondoka na sauti nyingine." Alivuta pumzi. "Sauti nene nazipata. Lori nalisikia. Redio naisikia nikiifungua yote. Sauti nyembamba ndizo zilizonikimbia. Na yako, mwanangu, ni nyembamba kuliko zote."

"Kwa nini hukusema?"

"Niseme ili iweje? Mteja akijua sisikii ataogopa nitamkosea vipimo. Mwanangu akijua atasema nisikae peke yangu. Halafu watu wakishajua, wanaanza kukuzungumza mbele yako kana kwamba wewe ni meza. Nimeona walivyomfanyia mama yangu."

Msusi alilia, kwa hasira zaidi kuliko huzuni, na hasira yenyewe hakujua amtupie nani. Alimweleza siku ile ya homa. Alimweleza alivyoita, na aliyoyauliza. Bibi Redio alisikiliza kwa macho, hakupepesa, na kadiri maneno yalivyoendelea ndivyo mikono yake ilivyopanda mpaka ikamfunika mdomo.

"Ulikuwa mgonjwa," alisema, "na mimi nikakwambia unisalimie dada."

Hapo, bila mmoja wao kutaka, wakacheka. Walicheka huku wanapangusa machozi, na kule chumbani kile king'ora kikaendelea kuita.

Betri ilipatikana duka la chini. Msusi alipanda juu ya kitanda, akakizungusha king'ora kikatoka kwenye kitako chake. Ndani mlikuwa na manyoya ya vitambaa, mekundu na meupe, kama kiota. Tangu kifungwe hakuna aliyekumbuka brashi. Akapangusa, akatia betri mpya, akakirudisha, akabonyeza kitufe. Akaziba masikio kwa bega moja na kiganja kimoja.

Bibi Redio alikuwa amesimama chini yake kabisa, uso juu, kama mtu anayengoja tone la mvua. Hakuziba kitu.

"Kinalia sasa?" aliuliza.

"Kinalia, Mama."

"Siku ile mwanangu alipokijaribu, nilikuiga wewe tu. Nilikuona umeziba, nikaziba." Akakaa kitandani, na kwa mara ya kwanza akaonekana ameogopa. "Kwa hiyo kwangu mimi hiki ni pambo."

Dereva aliporudi, mama yake alimwambia mwenyewe. Alikuwa ameomba Msusi asimtangulie. Walikaa sebuleni, na yule mtu mkubwa aliyezoea kupigia honi ng'ombe barabarani aliitazama mikono yake. Kisha akasema, akiwa ameinama, kwamba ataacha safari.

"Inua uso, baba, sikuoni unasema nini," mama yake alimwambia.

Akainua. "Nasema nitaacha safari nikae na wewe."

"Ukae unifanyie nini? Unipangie vifungo? Nenda kazini kwako. Nitafutieni king'ora cha watu kama mimi. Kama vya kila mtu vipo, cha kiziwi hakikosekani."

Lilikuwa neno ambalo hajawahi kulitamka juu yake mwenyewe. Alilisema kama mtu anayeonja chai kujua kama ni ya moto, na akaliona linaonjeka.

Walimwita fundi umeme aliyekuwa na karakana mtaa wa pili, mtu mrefu anayetembea na penseli sikioni. Fundi alizunguka nyumba, akatazama dari, akatikisa kichwa kwa kuridhika, isipokuwa kwa yale matundu mawili ya bure aliyoyaacha Dereva jikoni.

"Vipo vyenye taa kali ya kumweka kama umeme wa radi," alieleza, na Msusi alipomgusa kiwiko akamgeukia Bibi Redio na kueleza upya. "Na kuna pedi ya kuweka chini ya mto. Moshi ukitokea popote ndani ya nyumba, vyote vinapashana habari, taa zinamweka, na pedi inatetemesha kitanda. Ila mimi sina hapa. Mpaka niagize."

"Na mpaka vije, nifanye nini?" aliuliza Bibi Redio.

Fundi akajikuna panapokaa penseli. "Mpaka vije, lala na mtu anayesikia."

Dereva alikuwa na safari. Msusi hakutaka kuhamia chumba cha mama mkwe, na mama mkwe hakutaka ahamie. Bibi Redio akatatua jambo kifundi. Alikata lastiki ndefu, akaipitisha koridoni, upande mmoja akaufunga kwenye kifundo cha mkono wake na wa pili kwenye mkono wa Msusi. Asubuhi iliyofuata walikunywa chai wote macho mekundu. Kila Msusi alipojigeuza, Bibi Redio aliamka akakimbilia mlangoni. Na Bibi Redio alipokwenda msalani, alimvuta mkwewe mpaka ukingo wa kitanda.

"Tumevua samaki mkubwa," alisema Msusi, akisugua mkono. Lastiki ikaishia kwenye kiuno cha suruali ya mteja, na kwa wiki zile walilala milango wazi, Msusi akikagua jiko na swichi zote kabla ya kulala, tena mara mbili.

Vifaa vilipofika, Fundi alifunga kimoja chumbani kwa Bibi Redio na kingine sebuleni, usawa ambao mtu aliyeketi kwenye cherehani angeona taa bila kuinua shingo, na kile cha koridoni akakibadilisha ili vyote viwe vya aina moja. Pedi aliiweka chini ya mto na waya wake akaupigilia vizuri ukutani usikwaze mguu. Kisha akamwomba Bibi Redio alale, afumbe macho.

Alilala na viatu vyake, mikono kifuani, kwa heshima kama anayepigwa picha. Fundi akaenda koridoni akabonyeza kitufe. Kitanda kikanguruma. Bibi Redio aliketi kwa mkupuo mmoja, miwani ikamrukia begani.

"Hiki kinatikisa mpaka meno!" alisema. Akaweka kiganja juu ya mto, akausikiliza mtetemo kwa ngozi, na uso wake ukalegea. "Ni kama ukumbi wa mashine."

"Nikipunguze?" aliuliza Fundi.

"Kiache hivyo hivyo."

Tangu hapo kazi ya kujaribu ving'ora ikawa yake. Kila mwanzo wa mwezi alibonyeza cha koridoni kwa fimbo ya ufagio, akazunguka kutazama taa zote kama zinamweka, akaweka mkono juu ya mto. Cha sebuleni alikipangusa kila alipomaliza kazi ya kitambaa chenye manyoya mengi. Msusi naye alijifunza kuja mbele. Akiwa nyuma alikanyaga sakafu kwa kisigino au aligonga meza, na Bibi Redio akageuka. Jambo hili lilimfuata hadi saluni: wateja wake walishangaa kumwona akiacha nywele nusu, akazunguka kiti ili awaulize kama wanaumia.

Miezi kadhaa ikapita pasipo tukio. Halafu ikaja siku ya mapumziko, mchana. Bibi Redio alikuwa amejinyoosha kitandani baada ya kumaliza mashati ya shule. Msusi alibandika maharage, akapanda juu ya paa kuanika nguo, na huko akamkuta mke wa Mwalimu, wakaanza mazungumzo ambayo hayakuwa na haraka. Maharage yalikauka. Sufuria ikaanza kuungua, kitambaa cha kushikia vyombo kilichokuwa karibu na jiko kikashika moto ukingoni, na moshi mzito ukatambaa kuelekea koridoni.

Kitanda kilinguruma. Bibi Redio alifumbua macho, akaona ukuta mzima unawaka na kuzimika kwa mwanga mweupe. Alieleza baadaye kwamba hakufikiri kitu. Aligusa mlango wake kwanza kwa mgongo wa kiganja, kama Fundi alivyomfundisha. Haukuwa wa moto. Akafungua. Koridoni moshi ulikuwa juu, miguuni kuko wazi, na mlango wa kutokea ulikuwa hatua chache tu. Lakini kutoka pale aliliona jiko lote, na moto wenyewe ulikuwa mdogo, wa kitambaa tu. Akainama, akaingia, akafunga gesi. Akakibana kile kitambaa kwa koleo la makaa, akakitumbukiza kwenye beseni la vyombo. Akafungua dirisha. Kisha akatoka nje, akafunga mlango nyuma yake, akapanda ngazi hadi paani akiwa na soksi moja.

"Msusi," alisema, akihema, "maharage yako yameiva."

Msusi alipotazama ule uso mweusi wa masizi, alidondosha shati alilokuwa analikamua. Walishuka pamoja. Ukuta wa jiko ulikuwa umepigwa weusi mpaka darini, na sufuria haikufaa tena kwa chochote. Msusi alisimama katikati ya harufu ile akaanza kujilaumu, akasema angemuua mama wa watu.

"Nisikilize," Bibi Redio alimkatiza, akamshika mabega, nyuso zao zikitazamana. "Sufuria imeungua. Mimi sijaungua. Sugua ukuta."

Walipaka rangi jiko wiki iliyofuata. Mwalimu wa juu naye akamwita Fundi amfungie ving'ora, akasisitiza vile vya kawaida tu, kwani masikio yake, alisema, hayana hitilafu, na ushahidi anao.

Lakini Bibi Redio alikuwa amepata wazo lisilomtoka. Ukumbi ule wa mashine haukuwa na yeye peke yake. Alianza kuwakumbuka wenzake mmoja mmoja, wanawake waliokwisha kuwa mabibi, kila mmoja katika nyumba yake, pengine na redio yake juu ya kabati. Akamwomba Fundi waende wote kumtembelea shoga yake wa kiwandani, aliyeishi peke yake ghorofani ng'ambo ya soko. Njiani alipanga maneno. Alijua namna mtu anavyokataa, maana yeye alikataa kwa miaka. Aliamua ataanza kwa mbali, aulize habari za afya, kisha usingizi, ndipo afike kwenye masikio.

Shoga yake alifungua mlango, akawatazama. Bibi Redio hakutoa hata salamu. Alijikuta anauliza kwa midomo tu, bila sauti, kama zamani wakiwa kwenye safu:

"Bado unasikia?"

Yule mama aliegemea mlango. Akamtazama Fundi, akamtazama tena mwenzake.

"Hata mvua siisikii, mwenzangu," alijibu vilevile, bila sauti. "Mpaka nione dirisha limelowa."

Fundi, ambaye hakuambulia chochote, aliuliza wamesemaje.

"Amesema uingie upime dari," alijibu Bibi Redio.

Fundi akashuka kuchukua ngazi.